Msanii Asiyejulikana

Sidii elfu moja mia moja na sita.
Nimezihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza
Thureya aliniita nikamshikie ngazi.
Zimo katika katoni za majani chai, chini ya kitanda,
juu ya kabati, nyuma ya mtungi wa gesi,
na saba nilizikuta ndani ya sanduku la cherehani,
ambamo naapa sikuziweka mimi.

"Chagua," akasema Thureya. "Kabati la vyombo au hizo."
Basi nikanunua diski nyeusi, ndogo kuliko kipande cha sabuni,
kwa kijana wa Barabara ya Digo aliyeniapia
kwamba zote zitaingia humo
na nafasi itabaki ya kulaza mgeni.

Kila usiku baada ya isha naifungua trei,
nailaza sahani, naisukuma kwa kidole kimoja.
Kompyuta yaguna kama mtu aliyeamshwa kula daku,
kisha yaanza kusoma.
Dakika saba kwa iliyo nzima. Kwa iliyokwaruzwa, Mungu ajua.
Na hewa ya Kibokoni ina chumvi, haina adabu,
nyingine imezila hadi ukiziinua kwenye taa
waona vitundu, nyota za mchana kweupe.
Hizo mashine huzirudia, huzirudia,
kama mtoto wa chuoni aliyekwama ayani,
mpaka ipate au ikate tamaa.
Mimi sikati. Nafuta kwa kitambaa cha miwani,
kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha,
naitia tena.
Stima zikipotea, twaanza upya sote.

Nyimbo za ng'ambo hujitaja zenyewe:
mashine yauliza mtandaoni, yaletewa jina, mwaka,
hata picha ya jalada.
Lakini za kwetu,
za harusi za Bondeni zilizorekodiwa uani,
jalada fotokopi, wino umehamia kwenye plastiki,
hizo hunijia hivi:
Albamu isiyojulikana. Msanii asiyejulikana.
Wimbo wa 1. Wimbo wa 2. Wimbo wa 3.

Asiyejulikana na nani?
Huyu aimbaye wimbo wa tatu akaa Kuze,
mlango wa kijani, ukishampita fundi viatu.
Ramadhani huuza kaimati. Namdai sinia.

*Nalikupima kwa pishi, wanilipa kwa kibaba*,
na hapo, kwenye kibaba, sidii yetu ina mkwaruzo
tangu Feisal alipoipanda kwa baiskeli ya magurudumu matatu.
Ikifika hapo huruka: kiba, kiba, kiba,
mpaka mtu apige meza.
Miaka kumi na tisa nyumba hii yaimba hivyo.
Harusi ya Lutfiya, kule Tudor, waimbaji walipofika hapo
ukoo mzima tuliitika kiba kiba kiba, tukapiga meza,
wakwe zetu wakatazamana.

Juzi nikaenda Kuze na kalamu.
"Jina lako niliandike kwa tha au kwa sa?"
Bi Mwanathumu alicheka hadi akashika ubavu.
"Mwanangu, mkwe wangu ustadhi.
Miaka yote hii ajua nalikuwa nikishona kofia.
Niache papo hapo, kwa wasiojulikana.
Pana kivuli."
Akanifungia kaimati kwenye gazeti. Sinia hakulitaja.

Usiku nikaifungua faili, nikakaa nayo.
Jina siwezi kuandika. Uongo siwezi kuuacha.
Nikafuta *si*, nikatia *na*:
Msanii anayejulikana.
Mashine ikakubali. Haikuuliza na nani.

Kisha nikaucheza kwenye spika.
Ule mkwaruzo umeshonwa, hata mshono huusikii;
kibaba kikapita kizima, kimoja, kama cha watu wengine.
Jikoni Thureya aosha masufuria.
Bi Mwanathumu ameshaingia ubeti wa pili
na mke wangu yuko palepale, kiba, kiba, kiba,
angoja mtu apige meza.